Dawa mbili, mgonjwa mmoja, na daktari asiyeambiwa

Ukitaka kujua mgonjwa wa saratani anatumia dawa gani, usimuulize daktari wake. Muulize ndugu anayempelekea chakula. Faili la daktari litakuonyesha mizunguko ya kemo (dawa kali za hospitali za kuua saratani), vipimo vya damu na tarehe ya kurudi kliniki. Yaliyobaki yamo kwenye kikapu cha ndugu: chupa ya maji ya dukani iliyojazwa dawa ya rangi ya kahawia, unga uliofungwa kwenye karatasi ya daftari, asali yenye habbat soda, na pengine kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani. Faili na kikapu vinamhudumia mtu yule yule, ila havijuani.

Mjadala wetu kuhusu tiba za saratani umegawanyika kambi mbili. Kambi moja inasema waganga ni matapeli na anayewafuata amejitakia. Nyingine inasema kemo ni sumu, hospitali zinafanya biashara, na babu zetu waliishi kwa majani na mizizi wala saratani hawakuijua. (Babu zetu waliugua saratani. Walichokosa ni wa kuwapima na kuwaambia.) Kambi zote mbili zinaamini mgonjwa amesimama njia panda na lazima achague. Wagonjwa ninaowafahamu mimi hawakuchagua kitu. Walibeba vyote.

Kwa hiyo kuuliza kama watu wachanganye au wasichanganye ni kupoteza muda, kwa sababu wameshachanganya. Lenye faida ni kuuliza kitu gani, katika huko kuchanganya, kinamuua mtu ambaye angepona. Jibu langu si majani. Ni kuchelewa, na ni kuficha.

Nimeyaona haya kwa karibu kupitia rafiki yangu wa tangu shule. Tunaitana somo kwa kuwa tumechangia jina, na ameniruhusu niyaandike mradi nisimtaje. Somo ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga. Uvimbe aliugusa akioga: titi la kushoto, mgumu, hauumi. Kule kutouma ndiko kulikompumbaza, maana kwetu kisichouma hakijawa ugonjwa. Zahanati aliyokwenda kwanza walimwambia ni maziwa yameganda. Mtoto wake wa mwisho wakati huo alikuwa darasa la tatu. Akapewa vidonge, akaambiwa akimaliza na hali bado arudi. Akamaliza, hali bado, na hakurudi, kwa sababu aliona haya kwenda kuvua tena mbele ya kijana yule yule.

Shangazi yake akampeleka kwa mzee mmoja wa mitishamba huko Muheza. Mzee hapigi ramli. Ana shamba, ana kinu, na ana daftari la wanaomjia. Alimpa majani ya kukanda na mizizi ya kuchemsha, akamtaka arudi mwezi ukiandama. Somo alirudi, akarudi tena. Siku ngozi ya titi ilipoanza kuvutwa ndani na kufanya vishimo vishimo, mzee aliacha kukanda, akanawa mikono. "Mwanangu, hiki si changu. Nenda Hospitali ya Bombo, na usipitie kwa mtu mwingine yeyote."

Kati ya kuugusa uvimbe na kukatwa kinyama cha kupimwa ulikuwa umepita karibu mwaka. Wasikilizaji wa hadithi hii humrukia mzee hapo hapo: ndiye aliyempotezea muda. Ni kweli, kipande cha muda huo ni chake. Lakini kipande kingine ni cha zahanati, kingine ni cha aibu, na kikubwa kuliko vyote, kwa maelezo ya somo mwenyewe, kilipotea akitafuta nauli na mtu wa kumshikia darasa. Majibu ya kinyama yalipotoka, ugonjwa ulikuwa hatua ya tatu. Tungeweza kuwafungia waganga wote wa Tanga, na bado mwalimu huyu angefika Dar es Salaam akiwa amechelewa.

Katika suala hili la kuchelewa ziko tafiti mbili ambazo kila kambi hupenda kunukuu nusu yake. Zilichapishwa kati ya mwaka 2017 na 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliopekua kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa wa saratani za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana. Utafiti wa kwanza uliwafuata wagonjwa 281 walioiacha kabisa tiba ya hospitali wakategemea tiba mbadala peke yake. Ukiwalinganisha na wenzao waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu. Kwa saratani ya matiti ilizidi mara tano. Hapo hakuna cha kubishana.

Wa pili ndio unaomhusu somo, kwa kuwa uliwachunguza wanaochanganya. Wagonjwa 258 waliokuwa wakitibiwa hospitali huku wakitumia na tiba nyingine walilinganishwa na 1,032 waliotumia ya hospitali tu. Waliochanganya walikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya wenzao. Ukiishia hapo, kambi ya kwanza itapiga makofi. Watafiti hawakuishia hapo. Walitazama nani alikataa nini, wakakuta kwamba kati ya waliochanganya, asilimia 53 walikataa mionzi, wakati kwa wenzao ni asilimia 2 tu. Kemo ilikataliwa na asilimia 34 kwa 3. Upasuaji, asilimia 7 kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia. Kule kukataa na kuchelewa kulipoingizwa kwenye hesabu, ile tofauti ya vifo haikuonekana tena.

Mtu mwenye haraka atasoma hapo kwamba majani hayana neno. Mimi nasoma mambo mawili. Kwanza, kwa wale Wamarekani kilichoua zaidi ni tarehe ya mionzi iliyorukwa, si kikombe kilichonywewa. Pili, na hili naona halijasemwa vya kutosha huku kwetu, wagonjwa 258 ni kiganja tu ndani ya kumbukumbu za watu karibu milioni 1.9. Hakuna anayeijua Marekani atakayeamini kwamba waliochanganya ni hao tu. Hao ni wale ambao taarifa zao zilifika kwenye faili. Wengine wote walinyamaza, na madhara waliyoyapata au kutoyapata hayamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Lipo na lingine la kuangalia kabla hatujaichukua takwimu hiyo nzima nzima. Katika tafiti hizo, wanaokimbilia tiba mbadala Marekani walikuwa zaidi watu wenye elimu na kipato, wenye uwezo wa kukataa. Mwanamke wa Kilindi akikosa mionzi huwa hajakataa kwa falsafa. Huwa amerudi nyumbani kwa sababu mashine iko mkoa mwingine, tiba inaenda wiki kadhaa mfululizo, na hana pa kulala. Akifika nyumbani anakuta shangazi ameshachemsha. Sisi tunaona sufuria, tunasema ndiyo iliyomrudisha.

Turudi kwa somo. Dar alifikia kwa dada yake Temeke, akaanza kemo. Dawa ya kwanza wagonjwa huitambua kwa rangi yake nyekundu, na inakutoka hivyo hivyo: mkojo wa siku ile unakuwa mwekundu, mtu anadhani anavuja damu. Ikaja kutapika, ikaja midomo kuchubuka, nywele zikatoka kwa mafungu kwenye mto. Ni katika siku hizo kikapu kilipojaa. Dada alileta chai ya mchaichai na tangawizi. Shangazi alituma kwa basi unga wa mwarobaini uliochanganywa na mizizi ambayo hata yeye hakujua yote ni ya nini. Jirani alileta majani ya mstafeli, akaapa kwamba amesoma kwenye simu kuwa yanaishinda kemo mara elfu kumi. Shehe akaandika kombe.

Na akatokea bwana mmoja mwenye ofisi ghorofani, koti jeupe, kalamu tatu mfukoni. Alimshikisha somo kipande cha chuma mkononi, kompyuta ikakoroma, ikatoa kurasa za rangi zenye hali ya ini, figo, kongosho na "sumu mwilini". Saratani yenyewe mashine haikuiona mpaka mgonjwa alipoitaja. Dozi ya mwezi ilikuwa shilingi 480,000, kwa sharti kwamba aache kemo mara moja, maana dawa zake hazikai mwili mmoja na sumu. Somo alitoa nusu ya fedha, akaruka mzunguko mmoja wa kemo. Dada yake alipogundua alimburuta kurudi kliniki, na ile nusu haikurudi hadi leo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawaweka mzee wa Muheza na bwana wa mashine chini ya paa moja, chini ya Baraza moja. Sina ugomvi na sheria kwa hilo, lazima ianzie mahali. Lakini mgonjwa anahitaji kipimo kikali zaidi cha kuwatenganisha, na mimi ninacho kimoja tu. Anayekwambia uache hospitali ili dawa yake ifanye kazi, mkimbie. Usimuulize cheti, usimuulize amesomea wapi. Amekwisha kujieleza. Mzee wa Muheza hana mashine wala koti, ila alijua mpaka wake na akautamka kwa mdomo wake. Huyo wa ghorofani mpaka wake ni mfuko wa mteja.

Hayo yalikuwa ya kuchelewa. Ya kuficha yalikuja mzunguko wa nne.

Kabla ya kila mzunguko mgonjwa hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa chini mno, au ini likionyesha kwamba linaumia, kemo husogezwa mbele. Safari hii vipimo vya ini vya somo vilikuwa juu. Daktari, kijana mwenye foleni mpaka nje ya mlango, aliuliza huku anaandika, "Unatumia dawa za kienyeji?" Somo akajibu, "Hapana, daktari." Alikuwa amekaa kwenye benchi asubuhi nzima, amemsikia mama mmoja akifokewa kwa kosa hilo hilo, akiulizwa mbele za watu kama amekuja kutibiwa au kufanyiwa majaribio. Wewe ungejibu nini?

Aliyeufungua mdomo wake ni muuguzi, mama mtu mzima aliyekuwa akimtundikia dripu la maji. Alisubiri daktari atoke, akavuta kiti, akauliza kana kwamba wanaongea uani, "Mwanangu, ukiishiwa nguvu hivi, nyumbani wanakuchemshia nini?" Somo akacheka. Akaanza na mchaichai. Ukafuata tangawizi, ikafuata habbat soda. Dripu lilipofika nusu, orodha ilikuwa na vitu saba, na muuguzi alikuwa ameviandika vyote nyuma ya karatasi ya vipimo.

Daktari alirudi, akaisoma ile karatasi, na sifa yake ni kwamba hakufoka. Alivipanga. Mchaichai na tangawizi endelea, ila kwa kiasi cha chai ya kawaida. (Tangawizi imejaribiwa sana kwa kichefuchefu cha kemo. Majaribio mengine yameonyesha nafuu, mengine hayakuonyesha.) Habbat soda weka kando mpaka kemo iishe. Unga wa shangazi acha leo. Mstafeli acha leo. Kuhusu kombe aliuliza swali moja tu, ambalo ndilo hasa la kitaalamu: maji yake yamechemshwa? Mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka hauawi na aya, anauawa na maji ya kisima.

Baada ya wiki chache vipimo vya ini vilishuka, kemo ikaendelea. Shangazi akiulizwa anasema ni muda tu ulikuwa unahitajika. Dada anasema ni ule unga. Ukweli ni kwamba hakuna anayeweza kujua. Kemo yenyewe huweza kuumiza ini, vidonge vya maumivu vikizidi huliumiza, na mizizi isiyojulikana nayo inaweza. Hapo ndipo ninapoona hasara halisi ya kuficha. Hata mmea ukiwa salama, daktari asiyeambiwa anayasoma majibu ya damu vibaya: anaweza kupunguza kemo iliyokuwa inafanya kazi, au kuibadilisha, akidhani ndiyo inayoliumiza ini. Mgonjwa anapokonywa dawa yake nzuri kwa kosa la kitu kilichokuwa kwenye kikapu.

Ini lenyewe linastahili neno. Dawa nyingi za saratani, na kemikali nyingi za mimea, huvunjwavunjwa na vimeng'enya vile vile vya ini. Ni mlango mmoja wa daladala: wakijazana wa mitishamba mlangoni, wa hospitali hawashuki, dawa inabaki mwilini kwa kiwango ambacho daktari hakukikusudia na inageuka sumu. Ipo pia mimea inayofanya kinyume, inayoupanua mlango mpaka dawa inatoka kabla haijafanya kazi. Kuna ua moja la Ulaya, Wazungu hulinywa kama chai kwa ajili ya huzuni. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2002 kwamba linapunguza kwa zaidi ya asilimia 40 nguvu ya dawa moja ya saratani ya utumbo iliyoko kwenye damu. Mgonjwa anaona amekunywa chai. Dripu lake limekatwa karibu nusu bila yeye kujua.

Na mstafeli, kwa kuwa ndio unaosambazwa zaidi kwenye simu zetu. Tunda lake ni tamu na sina neno nalo kama tunda. Lakini mti huo na jamaa zake wana kemikali iitwayo anonasini ambayo inadhuru chembe za mishipa ya fahamu. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, waliandika kuhusu wingi wa wagonjwa wenye kutetemeka na kukakamaa kwa aina isiyo ya kawaida, wakauhusisha na mazoea ya kula matunda na kunywa chai ya majani ya miti hiyo kwa miaka mingi. Ile "mara elfu kumi" ya jirani ilitoka kwenye majaribio ya chembe ndani ya chupa za maabara. Ndani ya chupa, hata dawa ya kufulia inaua saratani.

Kambi ya pili hapa itaniambia: mbona hospitali zenyewe zinatumia mimea? Wako sahihi kuliko wanavyojua. Lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano, linalojiotea barazani na makaburini pwani nzima, asili yake ni Madagascar, na ndani yake ndimo inamotoka vinkristini, dawa ya saratani. Katika miaka ya 1950 majani yake yalitumwa kutoka Jamaica hadi Canada kwa sababu watu walikuwa wakiyanywa kwa kisukari. Robert Noble na Charles Beer waliyachunguza, wakakuta sukari haishuki, ila chembe nyeupe za damu za wanyama wa maabara zinaporomoka. Kutokana na mmea huo zilipatikana dawa za saratani ya damu na za matezi. Vinkristini ndiyo iliyokuja kutumika Kampala, katika taasisi ya saratani iliyofunguliwa mwaka 1967 pale Mulago, kuwatibu watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kwa ulimwengu mwaka 1958. Somo mwenyewe, baada ya ile dawa nyekundu, alipewa paklitakseli, ambayo chimbuko lake ni magome ya mti wa msituni, magharibi mwa Marekani.

Tena hatuhitaji kwenda mbali. Katika miaka ya 1970, taasisi ya saratani ya Marekani ilivuna zaidi ya tani 27 za mmea mmoja katika Shimba Hills, Kwale, pwani ya Kenya, ikitafuta kemikali iitwayo meitansini. Waliipata. Walipoijaribu kwa wagonjwa ilikuwa kali mno, ikawaumiza kuliko ilivyowafaa, wakaiweka kabatini. Ilichukua miongo mpaka wanasayansi walipopata namna ya kuifunga jamaa yake kwenye kingamwili inayoitafuta chembe ya saratani ya titi na kuiachia humo humo ndani. Mwaka 2013 dawa hiyo iliruhusiwa Marekani. Kutoka kichakani Kwale hadi kwenye mshipa wa mgonjwa, karibu miaka arobaini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilitumika kujua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua. Sufuria ya shangazi haina jinsi ya kujua hilo. Tani nzima ya majani makavu ya lile ua la Madagascar hutoa gramu chache tu za vinkristini. Ukichemsha kiganja, ama umekunywa maji matupu, ama umekunywa kitu ambacho hukukipima. (Kwa nini faida ya mmea wa Kwale haionekani Kwale ni makala nyingine, na itakuwa ya hasira.)

Mimea basi ina nguvu, na kwa sababu hiyo hiyo haifai kufichwa. Anayesema "ni majani tu, hayana madhara" na anayesema "yanaponya saratani" wanapingana bila kujijua, mara nyingi wakiwa mtu mmoja.

Kinachotuchanganya zaidi ni ushuhuda. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi porini, na orodha ya magonjwa ilikuwa kisukari, UKIMWI, saratani, pumu. Walikwenda vigogo, walikwenda maskini. Mambo mengi yamesemwa kuhusu siku zile na sina haja ya kuyarudia. Ninachokumbuka mimi ni kwamba waliorudi wakijisikia nafuu walizungumza kwenye kila redio, na walioacha dawa zao wakazidiwa hawakuzungumza popote, kwa kuwa maiti haitoi ushuhuda. Ndivyo mambo yalivyo hadi leo kwenye makundi ya simu: unasikia waliopona, na kwa sababu karibu wote walichanganya, kila mmoja ana uhuru wa kumpa sifa anayempenda. Somo alimaliza kemo, akaondolewa titi, akapigwa mionzi, sasa anameza kidonge kimoja kila siku na ataendelea nacho kwa miaka. Nyumbani kwao Tanga shangazi anawaambia wageni kwamba mwarobaini ndio uliomwokoa mtoto wake. Somo hambishii. Yeye husema fedha ya kubishana alishampa bwana wa mashine.

Lawama yangu kubwa sijaiweka kwa shangazi wala kwa mgonjwa. Naiweka kwa utaratibu wa kuuliza. "Unatumia dawa za kienyeji?" ni swali la polisi, na mtuhumiwa yeyote hukana. Lile la muuguzi, "wanakuchemshia nini?", linachukulia kwamba kuna sufuria jikoni, na kazi iliyobaki ni kuitaja. Hakuna fedha ya wafadhili inayohitajika hapo, wala mashine. Ni kubadilisha sentensi moja kwenye fomu, na kumkabidhi mtu mwenye nafasi ya kuvuta kiti. Sisemi madaktari wetu ni wakali kwa tabia. Daktari mwenye wagonjwa wengi kuliko saa zake hana anasa ya soga, na mganga anashinda hapo hapo: ana mkeka na ana mchana mzima.

Watakaosema hospitali na waganga hawawezi kukaa chumba kimoja wasahau nadharia, waende Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati UKIMWI haukuwa na dawa ya kueleweka kwa mtu wa kawaida, madaktari wa mkoa ule na waganga walianza kufanya kazi pamoja, na shughuli hiyo ikachukua sura ya shirika, Tanga AIDS Working Group, kwenye Hospitali ya Bombo. Waganga walitoa dawa za kupunguza makali ya magonjwa nyemelezi, na kupitia kwao wagonjwa waliokuwa wamefichwa majumbani wakaonekana. Hawakudai wameitibu UKIMWI. Kwa saratani sioni kwa nini isiwezekane, hasa kwa kuwa kazi ninayomwombea mganga ni ndogo kuliko ile: atambue uvimbe usiouma, ngozi iliyovutwa, chuchu inayotoa damu, kidonda kisichopona, damu ya mwanamke aliyekwishakoma hedhi. Baraza likiwafundisha haya kila linapowasajili, na hospitali zikapokea barua ya mganga bila kuicheka, ule mwaka mmoja wa somo ungepungua ukawa wiki.

Mzee wa Muheza hakusubiri Baraza. Somo alipokwenda kumsalimu baada ya matibabu alikuta ameongeza safu moja kwenye daftari lake, kwa kalamu nyekundu. Mwanamke akija na uvimbe wa titi, mzee hampi jani wala mzizi mpaka amwone na karatasi ya majibu ya kinyama, na asiyekuwa nayo anaandikiwa humo tarehe aliyotumwa Bombo na namba ya simu ya ndugu yake, ili mzee apige kuuliza kama amefika.